Mgeni wa Kwanza wa Jimbo la Ukarimu

Haikuwa zamani, na wala hapakuwa mbali. Palikuwa na nchi ambayo jina lake silitaji, kwa kuwa kulitaja katika maandishi kunahitaji kibali, na kibali nimeomba lakini faili bado liko mezani kwa mtu. Ndani ya nchi hiyo palikuwa na jimbo liitwalo Jimbo la Ukarimu. Mimi ni mwenyeji wa huko, na ninamshukuru Mungu kwa hilo kila asubuhi, kwanza kwa sababu yeye ni mwema, na pili kwa sababu kuna waraka unaotutaka tushukuru kila asubuhi.

Serikali ya jimbo letu ilikuwa na upendo mwingi. Upendo huo ulikuwa wa wageni. Mkuu wa Jimbo, Mheshimiwa Bandubandu, alisafiri nchi za nje siku ishirini na moja, akapokewa vizuri kila alikofika. Aliporudi alituita uwanjani, akasimama juani chini ya mwavuli ulioshikwa na mtu aliyesimama juani bila mwavuli, akasema:

"Ndugu wananchi! Nimetembea, nimeona. Hebu niwaulize. Mwenyeji ni nani? Mwenyeji ni mtu aliyekwisha kufika. Hana haraka, hana anakokwenda. Lakini mgeni! Mgeni ameacha kwake akaja kwako. Sasa wewe uliyekaa tu hapo tangu uzaliwe, una haki gani mbele ya mtu kama huyo?"

Tukapiga makofi. Swali lilikuwa gumu kweli.

Ndipo ikaundwa Idara ya Huduma za Wageni na Ubia wa Utalii. Idara ilizunguka jimbo zima ikitafuta majengo yanayofaa kupokelea wageni, na katika tarafa yetu ya Kitandu jengo lililofaa lilikuwa moja tu, zahanati. Lilikuwa na paa zima, maji ya bomba na vitanda sita. Wagonjwa waliokuwamo waliondolewa kwa heshima, kila mmoja akapewa kofia. Mlangoni kikapigiliwa kibao kipya: KITUO CHA MAPOKEZI YA WAGENI. Gari la wagonjwa likachorwa twiga ubavuni. Kwetu twiga hakuna, kwa hiyo wengi wetu tulimwona hapo kwa mara ya kwanza, tukafurahi. Nesi Edigna, aliyekuwa amezalisha nusu ya Kitandu, akabadilishiwa cheo akawa Afisa Tabasamu Daraja la Pili. Alipelekwa semina ya siku tano akarudi na cheti. Dawa zikabaki kabatini zimefungwa kwa kufuli, maana mgeni naye huweza kuumwa kichwa.

Miaka mitatu ikapita, na hakuja mgeni hata mmoja. Serikali haikukata tamaa. Kila mwezi idara ilitangaza kwamba wageni wako njiani, nasi kanisani tukawaweka kwenye maombi, pamoja na wajane na wasafiri wa baharini. Katika miaka hiyo mitatu tulizika watu wengi wa kwetu, lakini hao hawakuwa wageni, na idara haikupungukiwa na kitu.

*

Sasa nisimulie habari ya Nyanjige.

Nyanjige alikuwa mke wa jirani yangu Lubango, fundi wa baiskeli. Mtoto wao wa kwanza, Kija, alizaliwa kwa kupasuliwa, na Nesi Edigna, wakati huo angali nesi, alimwonya: "Mwanangu, ukishika mimba nyingine usikae na uchungu nyumbani. Njoo mapema, vinginevyo utakufa." Nyanjige alitii. Uchungu ulipomwanza siku ya Jumanne, saa moja asubuhi tulikuwa tumekwisha kumfikisha mlangoni akiwa juu ya kitanda cha kamba. Tulikuwa wanaume wanne. Mimi nilishika mguu wa nyuma, upande wa kushoto.

Mlangoni alisimama Afisa Mapokezi, Bwana Shadidi, ndani ya shati la maua.

"Karibuni sana Jimbo la Ukarimu!" akasema, na macho yakamng'aa. "Mmetoka wapi?"

"Shadidi, acha mchezo," Lubango akamwambia. "Tumetoka hapo nyuma ya shule. Juzi umekuja kwangu nikakuzibia pancha."

Uso wa Bwana Shadidi ukashuka. "Kumbe ninyi ni wenyeji."

"Mke wangu anajifungua."

"Namwona, kaka. Namwona na inaniuma. Lakini nikimlaza mwenyeji, halafu mgeni akatokea, yeye nimlaze wapi?"

"Miaka mitatu hajatokea!"

"Ndiyo maana leo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kutokea."

Nesi Edigna akaja nyuma yake. Alikuwa anatabasamu, kwa kuwa alikuwa kazini, ila machozi yalikuwa yanashuka pembeni mwa lile tabasamu. "Shadidi, mdogo wangu," akasema, "niache nimguse tu tumbo."

"Dada, wewe una cheti cha kutabasamu. Cheti cha kugusa watu ulikirudisha wilayani, na mimi ndiye niliyekupeleka kwa pikipiki."

Hapo Bi Siyawezi akasogea mbele. Huyu ndiye mama mzazi wa Nyanjige, na pia alikuwa kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Kituo. Alikuwa amekuja na sare yake, shanga na njuga, kwa kuwa Jumanne ni siku ya zamu. Akasema, "Baba Shadidi, mimi ni sawa na mama yako. Nakupigia magoti." Akapiga magoti kwenye sakafu, njuga zikalia.

Bwana Shadidi naye akapiga magoti. Hakuwa mtu mbaya. Wakawa wamepiga magoti wote wawili, wanatazamana, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumpa mwenzake chochote.

Kisha, akiwa bado chini, akanong'ona: "Mpelekeni mpakani. Avuke aingie Jimbo la Bashasha, halafu arudi. Akirudi huku atakuwa mgeni, na mimi nitampokea kwa mikono miwili."

"Ni kilometa saba," Lubango akasema.

"Kwenda tu. Kurudi gari litamfuata. Mgeni hupokewa kwa gari, ni haki yake."

*

Tulikwenda. Mimi niliomba njia nzima. Nilimwambia Mungu kwamba yeye aliyewavusha watu wengi hawezi kushindwa na mmoja. Niliomba kwa sauti mpaka mwenzangu aliyeshika mguu wa mbele akageuka akasema, "Ndugu, omba kimyakimya. Unamaliza pumzi, kitanda kinainama."

Nyanjige hakulia sana. Kila uchungu ulipokuja alishika kamba za kitanda, na ulipokwisha aliuliza, "Tumefika?" Lubango alimjibu kila mara, "Tunakaribia, mama Kija." Alimjibu hivyo hata tulipokuwa bado tunauona mnara wa shule.

Mpaka wenyewe ni mwanzi mmoja uliolazwa barabarani. Upande wa pili alikaa afisa wa Jimbo la Bashasha, mzee mwembamba mwenye shada la maua ya plastiki shingoni mwake mwenyewe. Serikali ya Bashasha, baada ya kusikia mambo ya kwetu, ilikuwa nayo imeunda idara kama ile. Alipotuona tunavuka alisimama akaangusha kiti.

"Wageni!" akasema. "Ee Mola, wageni! Karibuni! Mtakaa siku ngapi?"

"Hatukai, mzee wangu," Lubango akasema. "Tunaomba muhuri wa kutoka."

"Ndiyo kwanza mnaingia!"

"Tumeingia ili tutoke."

Yule mzee akashika mguu wa kitanda. "Kijana, nisikilize. Mimi nina watoto sita. Kituo changu kisipopata mgeni mpaka mwisho wa mwezi huu kitafungwa, na mimi nitarudishwa kulima, na shamba nililiuza. Kaeni hata siku mbili. Tuna maporomoko. Maji hayapo, lakini mahali yalipokuwa yanaporomokea papo."

"Mzee, mke wangu anakufa!"

"Hata siku moja. Hata chakula cha mchana, basi."

Nyanjige akajiinua kwa kiwiko. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. "Baba," akasema taratibu, "mimi nikifia hapa kwako, kitabuni utaandika nini?"

Mzee akafikiri. Nadhani aliona safu za kitabu chake moja baada ya nyingine, na hakuna iliyofaa. Akaandika jina la Nyanjige haraka, akagonga muhuri wa kuingia na muhuri wa kutoka kwa mkono mmoja, akainua mwanzi. Tulipokuwa tunaondoka alitupungia na kuita, "Semeni mlipokewa vizuri!"

*

Gari lenye twiga lilitufuata mpakani, nalo lilikuwa na dereva anayeitwa Njiku, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa amelipiga msasa na kuling'arisha bila kuliendesha. Saa tano tulikuwa Kituoni. Bwana Shadidi alisimama palepale alipokuwa amesimama asubuhi.

"Karibu sana Jimbo la Ukarimu!" akasema. "Mmetoka wapi?"

"Bashasha," Lubango akasema.

"Mmetoka mbali!" akajibu Bwana Shadidi, na kwa kweli alishangaa.

Mapokezi yana utaratibu wake, na utaratibu haupunguzwi kwa mgeni yeyote, mkubwa au mdogo, kwa sababu kumpunguzia mgeni ni kumdharau. Kwanza shada, kisha maji ya ukwaju, kisha ngoma mizunguko saba, kisha kitabu cha wageni. Nesi Edigna ndiye aliyemvisha shada, na alipoinama kumvisha akapitisha mkono wa pili chini ya kanga akampima. Akainuka akitabasamu, akamnong'oneza Lubango sikioni: "Mtoto amekaa vibaya, na mshono wa zamani umeanza kuachia. Hapa sina uwezo. Mpelekeni hospitali ya Makao Makuu apasuliwe. Ana saa nne tu. Zikizidi hapo, mimi sisemi."

Ngoma ikaanza. Nimekwisha kuona ngoma nyingi, za harusi na za mavuno, lakini sijaona mama akimchezea mwanawe hivyo. Bi Siyawezi aliruka mbele ya kile kitanda, jasho likichanganyika na machozi, macho yake hayatoki kwenye tumbo la binti yake, na wanawake wenzake nyuma yake wakikimbiza mapigo mpaka vumbi likafika madirishani.

"Bi Siyawezi!" Bwana Shadidi akapaza sauti. "Mbona mnaikimbiza?"

"Hii ni ya kuombea mvua!" akajibu bila kusimama. "Ya mvua huchezwa mbio!"

Mizunguko saba ilikwisha kwa dakika tisa. Ndipo kikaletwa kitabu cha wageni. Kilikuwa kikubwa, kina jalada la ngozi, na kurasa zake zote zilikuwa nyeupe. Bwana Shadidi alikifungua kama mtu afunguaye kitabu kitakatifu. Akajaza mwenyewe: jina, atokako, muda wa kukaa siku kumi na nne. Alipofika penye safu ya ndugu waliomo jimboni, alisita. Akamtazama Lubango, akamtazama Bi Siyawezi anayehema na njuga zake, akaandika: Hana. Kisha akasema kwa upole, bila kumtazama mtu:

"Mwenye ndugu hapa ni mwenyeji. Mwenyeji akikutwa anatumia huduma ya mgeni, huduma hukatwa palepale ilipofika. Hata kama imefika katikati. Nawaambieni kwa wema."

Ikabaki safu ya maoni, ambayo lazima mgeni aiandike kwa mkono wake. Nyanjige alishika kalamu akaandika: Nisaidieni.

Bwana Shadidi alisoma, akakuna kichwa. "Hili ni ombi, siyo maoni," akasema. Akaongeza pembeni: Huduma nzuri.

*

Kila mgeni ana haki ya kusindikizwa na wenyeji wawili, mmoja wa kubeba mizigo na mmoja wa kutabasamu. Lubango aliandikwa mbebaji. Mimi nikapewa kutabasamu. Bi Siyawezi hakuruhusiwa kupanda, kwa sababu kikundi cha ngoma ni mali ya Kituo. Alibaki ameshika mlango wa gari mpaka lilipoanza kwenda, na hata lilipokwenda alikimbia nalo kidogo.

"Njiku, kaka yangu," Lubango akasema, "ni saa moja mpaka hospitali. Kanyaga."

Njiku akatoa kadi ya manjano yenye vyumba vitano. "Shemeji, sikiliza," akasema. "Hili gari ni la ubia. Kuna wabia watano njiani, na kila mmoja alitia sahihi kwamba kila mgeni atasimama kwake. Kadi isipokuwa na mihuri mitano, kizuizi cha mjini hakifunguki. Kuna mnyororo pale, mnene hivi. Mimi si mwamuzi."

Mbia wa kwanza alikuwa Shimo. Mkandarasi mmoja alianza kujenga barabara akachimba shimo, akaondoka. Idara ililizungushia kamba likawa kivutio. Mwelekezi alikuwa na maelezo ya dakika kumi na moja aliyoyakariri.

"Mgeni mheshimiwa," akaanza, "shimo unaloliona mbele yako lina kina ambacho hadi leo wataalamu..."

"Gonga muhuri!" Lubango akasema.

"...wataalamu hawajakubaliana..."

"Bwana wee, gonga muhuri, mtu anakufa!"

Nyanjige akapiga kelele, kelele ya kwanza tangu asubuhi, ikaingia shimoni ikatoka tena. Mwelekezi akatoa daftari lake akaandika, huku anasoma kwa sauti: "Mgeni amefurahi sana, na mwangwi ameujaribu." Akagonga.

Mbia wa pili alikuwa Jiwe Alilokalia Mheshimiwa. Mheshimiwa Bandubandu aliwahi kukalia jiwe hilo akifunga kamba ya kiatu. Tulitakiwa kuvua kofia na kukaa kimya dakika mbili. Katika dakika hizo mbili niliona damu inatoka chini ya kanga ya Nyanjige, inafuata mfereji wa sakafu ya gari, inadondokea nje karibu na jiwe. Mlinzi naye aliiona. Akachukua mchanga akaifunika kwa mguu, akagonga muhuri kabla dakika hazijaisha, akasema, "Nendeni. Nitasema zilikuwa mbili." Mungu ambariki mtu yule. Wiki iliyofuata nilisikia wamemwondoa kazini, kwa sababu saa yake haikulingana na ya mwenzake.

Mbia wa tatu lilikuwa duka la vinyago, ambapo mgeni lazima apewe kinyago cha bure akishike mkononi. Nyanjige alishindwa kukishika, vidole vilikuwa vimelegea. Lubango alimfungia mkononi kwa kipande cha kanga, mwenye duka akaridhika. Mbia wa nne ulikuwa mgahawa wa chakula cha asili, ambapo mgeni lazima aonje. Lubango alichovya kidole kwenye mchuzi akampaka mkewe mdomoni.

"Ameonja?" mwenye mgahawa akauliza.

"Ameonja."

"Anasemaje?"

Macho ya Nyanjige yalikuwa yamegeukia juu. Mimi nikatabasamu kwa nguvu zangu zote, mwenye mgahawa akanitazama muda mrefu, akagonga.

Mbia wa tano lilikuwa Jumba la Makumbusho ya Ukarimu, hatua mia mbili kabla ya kizuizi cha mjini. Hospitali tulikuwa tunaiona, bati lake jekundu. Saa ilikuwa nane na dakika ishirini. Mlango ulikuwa umefungwa. Kwenye kitasa palining'inia karatasi: "Mtunzaji hayupo. Amesikia mgeni wa kwanza amefika Kitandu, amekwenda kumlaki."

Tulisoma wote watatu. Njiku alikaa chini barabarani akashika kichwa. Mimi nilifumba macho niombe, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikupata neno la kuanzia. Nilisema tu, "Bwana, Bwana," kama mtu anayebisha hodi katika nyumba asiyojua kama ina mtu.

Nilipofumbua macho, Lubango alikuwa ameokota tofali. Lubango huyu, ninyi hamumjui. Ni mtu ambaye mteja akiacha baiskeli mwaka mzima, anaitia mafuta kila Jumamosi isije ikashika kutu. Alivunja dirisha, akaingia, akatoka na kidau cha wino na muhuri, mkono wake umechanika kuanzia kiwiko. Akaigonga kadi juu ya boneti. Muhuri ulitoka mwekundu na wino ulikuwa wa buluu. Askari wa kizuizi aliutazama, akasema, "Huu umekolea," akashusha mnyororo.

*

Hospitali ya Makao Makuu ina Wodi ya Wageni, na humo kuna kila kitu. Wenyeji wao hulazwa nje chini ya turubai, penye hewa. Daktari alikuwa kijana mkimya ambaye hakuuliza mtu ametoka wapi. Alimtazama Nyanjige mara moja, akamsukuma ndani mwenyewe bila kungoja mhudumu.

Saa tisa na robo tulisikia mtoto akilia. Kilio kilikuwa chembamba kama cha paka.

"Mama ataishi," daktari alituambia. "Amepoteza damu nyingi, ila ataishi. Mtoto ni wa kike, na amechoka sana. Nimemweka kwenye sanduku la joto. Anahitaji siku tisa humo. Mkimtoa leo au kesho, msinilaumu."

Lubango aliupiga ukuta kwa paji la uso, taratibu, mara nyingi, huku anasema asante. Hatukujua anamwambia nani, daktari au Mungu au ukuta.

Kesho yake asubuhi Mheshimiwa Bandubandu alikuja. Habari ya mgeni wa kwanza ilikuwa imetangazwa redioni usiku kucha. Alikuja na matarumbeta, waandishi wa habari wanne, na Bwana Shadidi ambaye alikuwa amepandishwa cheo njiani. Shuka za wodi zilibadilishwa, na sisi wenyeji wawili wa kusindikiza tukapangwa ukutani, Lubango na mzigo wake, mimi na tabasamu langu. Nyanjige alikuwa bado katika usingizi wa dawa. Sanduku la joto lilikuwa kando ya kitanda, na ndani yake kile kiumbe kidogo kilikuwa kinapumua, kifua kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka.

"Ndugu wananchi!" Mheshimiwa akasema kwa sauti, ingawa wodini hatukufika ishirini. "Waliosema wageni hawatakuja, wako wapi leo? Mgeni huyu ameliacha jimbo lake akaja kwetu akiwa na mimba. Mwenye mimba hachagui ovyo! Atakaa nasi siku kumi na nne, yeye na kichanga chake, kisha tutamsindikiza kwa heshima mpaka mpakani arudi kwao."

Makofi. Kisha akageuka akamwona Lubango, akauona mkono uliofungwa bendeji, na macho yaliyovimba.

"Na huyu bwana mbona analia? Unamfahamu mgeni?"

Bwana Shadidi aliangalia sakafu. Lubango aliangalia sanduku.

"Hapana, Mheshimiwa," akasema. "Ni furaha tu ya kuwa mwenyeji. Simjui."

Mwandishi mmoja wa kike, mwenye kalamu nyuma ya sikio, hakuridhika. Akasogea karibu naye. "Lakini kaka, lafudhi yako na aliyokuwa akiweweseka nayo mgeni usiku ni moja. Manesi wamenieleza. Wewe si mtu wake kweli?"

"Dada, usinitie matatani. Mimi ni mbebaji. Huyu mama nimemwona jana barabarani kwa mara ya kwanza."

Ndipo Nyanjige akafumbua macho. Aliitazama dari, akayatazama matarumbeta, akawatazama watu wote wale mmoja mmoja kama anayetafuta kitu alichokiangusha. Alipomfikia Lubango uso wake ukafunguka.

"Baba Kija," akasema. "Mtoto wetu yuko wapi?"

Mheshimiwa akainua nyusi. Nesi mmoja aliyesimama karibu na sanduku aliweka mkono juu ya swichi ya ukutani, kwa kuwa alijua kanuni, na mkono wake ulikuwa unangoja.

Lubango aliuona mkono ule.

"Mheshimiwa, ni zile dawa," akasema. "Mgeni amenifananisha na mtu wa kwao. Mimi mama huyu simjui. Haki ya Mungu, simjui."

Nyanjige alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko ngoma zote na maelezo yote ya jana. Kisha akageuza kichwa taratibu, akaliona sanduku, akauona mkono wa nesi juu ya swichi, akaelewa.

"Ni kweli," akasema. "Nimemfananisha."

Nesi akaushusha mkono. Matarumbeta yakapigwa. Mimi nilikuwa bado natabasamu, maana hakuna aliyekuwa ameniambia niache. Nikatega sikio dirishani, kwa kuwa mimi ni mtu wa kusali na niliijua habari ya namna hii kutoka Injili, na nilijua baada ya mara ya tatu nini husikika.

Lakini jogoo hakuwika. Majogoo wote wa mji ule walikuwa wamechinjwa tangu alfajiri, kwa ajili ya karamu ya mgeni.